Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya bahari na utalii Zanzibar: msitupe vyeti vya maji ya shwari

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum.

Naandika upepo wa kusi ukiwa umeshakaza. Tangu juzi usiku makuti ya banda letu hayanyamazi, na leo asubuhi nilipokwenda upande wa mashariki wa kijiji, mwambani kote kulikuwa kweupe kwa povu. Kisha nikakata kijiji kwa miguu nikatokea magharibi, kwenye mahoteli. Huko bahari imelala kama maji ya beseni. Watoto wa wageni wanachezea mpira majini. Mchangani zimepangwa kayaki tisa, za manjano na za rangi ya chungwa, kila moja na kafi lake juu, zinangoja wapandaji.

Anayeziona pande hizo mbili kwa asubuhi moja atadhani ya hatari ni ile ya mashariki. Sisi wa Nungwi tunajua kwamba msimu huu, kwa mtu aliyekaa kwenye kayaki, upande wa kuogopwa ni huu wa magharibi uliolala. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika.

Mimi ni mzaliwa wa hapa. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi, na babu fundi wa kuunda vyombo pale pale pwani ambapo leo watalii husimama kupiga picha. Nilianza kwa kuwapeleka wageni kuogelea na miwani kutazama samaki, nikaingia kwenye kayaki, na kwa miaka kadhaa sasa nawafundisha vijana wenzangu. Sitafuti zabuni wala cheo. Naandika kwa sababu vijana hao wanaajiriwa na watu ambao hawawaulizi hata swali moja la bahari.

Niruhusuni kwanza nieleze maji yetu yanavyokwenda, maana nimeshakutana na watu wenye vyeo kwenye utalii wasiolijua hili. Kusi linatoka kusini mashariki. Ukiwa Kendwa, au kwenye fukwe za magharibi za Nungwi, upepo huo unakujia kutoka nchi kavu, na kisiwa chenyewe kinakukinga. Mita mia mbili au tatu za mwanzo husikii kitu. Ukitoka nje ya kinga hiyo, upepo unakupokea mgongoni na kukusukuma, na wala hujui kama unasukumwa, kwa sababu kwenda nao ni raha tupu: unapiga kafi moja, unapata mwendo wa matatu. Unajua ulipo siku ya kugeuka. Na huko nje kuna mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na huzidi nguvu wakati wa kusi, hata ukafikia kilomita 6 au 7 kwa saa. Mgeni ambaye hajawahi kushika kafi, kwenye kayaki pana ya plastiki ya hotelini, akijitahidi sana anakwenda kilomita 3 au 4 kwa saa, tena pakiwa hapana upepo usoni. Hesabu yake haihitaji mwalimu. Upepo unampeleka nje, mkondo unampeleka kaskazini, na kisiwa kimeishia Nungwi. Mbele yake ni Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara, maji yenye kina cha mamia ya mita.

Basi Julai ya mwaka juzi, kiasi cha saa kumi na moja jioni, nilikuwa barazani nasuka kamba, akaja mtoto mbio kuniambia kuna kayaki mbili hazijarudi. Hoteli iliyozitoa sitaitaja, maana ingeweza kuwa yoyote. Wageni wawili, mke na mume, walitoka saa nane na kijana mmoja wa kuwaongoza, watazame pwani kisha warudi kabla ya chai. Boti ya hoteli ilikuwepo, mashine yake ilikuwa kwa fundi tangu wiki iliyopita. Redio haikuwepo. Simu ya yule kijana ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kuzuia maji, na kila aliyewahi kujaribu kubonyeza kioo cha simu kwa vidole vilivyolowa, juu ya plastiki iliyolowa, anajua kilichotokea.

Wavuvi wa mashua moja waliokuwa wanarudi ndio waliowakuta, jua limeshazama. Watu watatu wameng'ang'ania kayaki moja. Ya pili ilikuwa imesimama wima majini, tezi, yaani nyuma yake, chini, na omo, mbele yake, juu, kama chupa. Waliwaleta wote watatu hai, alhamdulillahi, na ndiyo sababu hamkusoma habari yake popote.

Asubuhi yake nilikwenda kuitazama ile kayaki ya pili. Chini, karibu na tezi, palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, umezibwa kwa plastiki ya dumu iliyoyeyushwa. Kiraka kimeng'oka upande mmoja. Kayaki hizi za kukalia juu zina tumbo tupu. Maji yakiingia tumboni huyaoni, unaona tu chombo kinaanza kulewa, kinakwenda mrama bila ya wimbi, kisha kinalala ubavu. Tangu siku ile, kabla sijamkabidhi mtu kayaki, naitikisa na kuitegea sikio. Ikisema chubwi, inabaki nchi kavu.

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi kuliko ufa ni maneno ya yule kijana. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechunika, anashika kikombe cha chai kwa vidole vya pembeni. Nikamuuliza alifundishwa wapi. Akasema, siku mbili, kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Kisha akasema, "Kaka, kwenda nilikuwa najua. Kurudi sikufundishwa."

Waheshimiwa, naomba neno hilo liwe ndiyo barua yenyewe. Mafunzo yetu ya kayaki yanafundisha kwenda. Jinsi ya kukaa, kushika kafi, kukata kulia na kushoto, kutabasamu na kumpiga mgeni picha. Karatasi ninazoziona mikononi mwa vijana zimeandikwa kwa Kiingereza kizuri na zimepigwa muhuri, na mwenye karatasi hajawahi hata mara moja kupinduka kwenye maji yenye upepo. Bwawa la hoteli halina mkondo. Shwari ya Kendwa saa mbili asubuhi haina tofauti kubwa na bwawa.

Wazee wetu wasingelikubali hili hata kidogo. Mtoto aliyeingia kwenye ngalawa au mashua alianza na upo mkononi, kile chombo cha kuchotea maji, kazi yake kufua maji. Akikaa misimu huko chini, ndipo anapewa kamba ya tanga. Usukani ulikuja baadaye sana, na hakupewa siku ya shwari ili apigiwe makofi. Alipewa nahodha akiwa ameketi pembeni yake, bahari imechafuka kidogo, aonekane anafanya nini. Na hao waliobuni kayaki yenyewe, Wainuiti wa Greenland na nchi za barafu, hawakuifanya mchezo. Ilikuwa chombo cha kuwindia, kwenye maji yanayoua kwa baridi, na mwindaji alijifunza tangu udogoni kupinduka na kujiinua kwa kafi bila ya kutoka kwenye kiti. Sisi tumepokea chombo, mafunzo yake tumeyaacha huko huko.

Kuna kisa kimoja cha Uingereza ambacho nilisimuliwa na mgeni niliyemfundisha kupiga pondo, kisha nikakisoma mwenyewe kwa urefu. Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanane wa skuli moja ya Plymouth, wenye miaka 16 na 17, walitoka na mwalimu wao na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo, kwa kayaki, kutoka mji wa Lyme Regis kwenda Charmouth. Safari ya kilomita 3 hivi, ufukweni kote. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Pwani pametulia. Mnaona wenyewe inafanana na nini. Mwalimu akapinduka, akapinduliwa tena na tena. Mkufunzi mmoja akabaki naye, mwingine akawakusanya watoto wakashikamana kayaki kwa kayaki, na kundi zima likawa linachukuliwa nje. Mawimbi ya huko yakajaza chombo kimoja kimoja. Hawakuwa na fataki za kuombea msaada. Walitakiwa wawe wamefika kabla ya chakula cha mchana, na walinzi wa pwani walikuja kuambiwa baadaye mno. Watoto wanne walikufa kwenye maji ya baridi.

Lililonifanya nisilale ni jingine. Mwaka uliotangulia, wakufunzi wawili walioacha kazi kwenye kituo kile walimwandikia mkuu wao barua, wakamwonya kwamba kwa vifaa vile na ukufunzi ule, kuna siku atakuja kujieleza kwa wazazi. Barua ilipokelewa. Ilisomwa. Ilikuja kutolewa mahakamani baada ya mazishi. Mkuu huyo alifungwa, na kampuni yake ikahukumiwa kwa kuua bila ya kukusudia, jambo ambalo mpaka siku hiyo lilikuwa halijawahi kutokea kwa kampuni yoyote nchini mle. Mwaka 1995 Bunge lao likapitisha sheria, vituo vinavyowapeleka watoto kwenye michezo ya hatari vikaguliwe na viwe na leseni.

Sisemi tuichukue sheria yao tuibandike hapa. Maji yetu yana joto la nyuzi 25 na kuendelea; mtu wetu hauliwi na baridi kwa saa mbili, anauliwa na kiu, jua, uchovu na usiku. Nasema tu kwamba wao walihitaji watoto wanne ndipo waisome vizuri barua.

Najua nitajibiwa nini, kwa sababu nimeshajibiwa mdomo kwa mdomo. Kwamba kumpeleka kijana kufundishwa kwenye bahari iliyochafuka ni kumtafutia kifo. Afadhali apewe mafunzo mahali salama. Jibu hilo ni la mtu anayedhani bahari chafu ni moja. Ngoja niwapeleke.

Siku ya mafunzo hatuendi Kendwa. Tunakwenda mashariki, ndani ya mwamba, karibu na mlango, pale mwamba ulipokatika, lakini si mlangoni. Tunachagua bamvua, siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo maji hupwa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni, tofauti ikikaribia mita 4. Tunaingia maji yakishaanza kupanda, saa sita au saa saba. Kwa nini saa hiyo? Kwa sababu maji yanayojaa yanaingia ndani, na kusi la upande huo linapiga kuelekea pwani. Kila kitu kinachoanguka kinaletwa nyumbani: mtu, kafi, kofia, ndala. Maji yakianza kupwa tunatoka, hata kama kijana mmoja bado hajamaliza zamu yake, kwa sababu hapo yote yaliyomwagika juu ya mwamba yanatafuta njia ya kutoka kupitia mlango ule ule, yanakutana na upepo uso kwa uso, na mawimbi ya mlangoni yanasimama wima kama ukuta. Saa mbili zilizopita palikuwa darasa, sasa ni pengine kabisa. Kijana akishaliona hilo kwa macho yake, hahitaji kufundishwa tena maana ya kupwa na kujaa.

Kwanza hatutumii kayaki. Kila mmoja anavaa jaketi la kuokolea, anaogelea robo saa kwenye mawimbi. Hapo tu nusu ya jaketi za mahoteli zinaanguka mtihani. Mikanda imekatika, au hakuna mkanda wa kupita chini ya mapaja, jaketi linapanda mpaka masikioni na mtu ananing'inia ndani yake kama ndizi kwenye mfuko. Nimewaona vijana wakicheka mpaka wakameza maji. Basi wacheke hapo.

Kisha tunapinduka. Kosa la kwanza, na ni la kila mtu, ni kukiachia chombo ili ujipanguse uso. Sekunde tatu. Kayaki tupu upepo unaichukua kwa kasi ambayo hakuna mwogeleaji anayeifikia. Kwa hiyo neno la kwanza tunalolifundisha, na tunalipigia kelele mpaka wavuvi wanatutania, ni "Shika chombo!" Macho yaungue kwa chumvi, shika chombo. Halafu unaipindua irudi, unaweka mikono katikati, unapiga miguu nyuma mpaka mwili ulale juu ya maji, ndipo unajisukuma kifua kifike juu. Wengi wanajaribu kujivuta moja kwa moja kwa mikono, kama wanapanda mnazi, na wanaivutia kayaki juu yao wenyewe.

Mara ya kwanza wanaweza karibu wote. Mara ya pili pia. Mimi nasubiri mara ya tano. Mara ya tano mikono imelegea kama kamba mbichi, kifua kinapanda na kushuka, na hapo ndipo mtu anapokutana na bahari niliyoitaka akutane nayo, akiwa na mimi mita mbili kutoka kwake na mashua yenye mashine imekaa chini ya upepo ikingoja. Kuna binti mmoja, mama yake analima mwani Matemwe, ambaye mara ya tano alipanda vizuri kuliko ya kwanza. Nikamuuliza siri. Akasema aliacha kushindana na wimbi, alilingoja limnyanyue. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Baadaye najigeuza mgeni. Hii ndiyo zamu ninayoipenda, nakiri. Napinduka, natupa kafi, namkumbatia kijana shingoni, nakataa kuachia, nalia kwa Kiitaliano cha uongo. Kijana mmoja alikasirika kabisa, akaniambia, "Kaka, hakuna mgeni mwehu kiasi hiki." Haukupita mwezi akanipigia simu kuniomba radhi.

Mwisho ni kuvuta. Kamba ya mita 12 kiunoni, fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, na nyuma yake kayaki yenye mtu mzima aliyeambiwa asipige kafi. Tunawaambia wamvute kukabili upepo. Kwa mtu mmoja wanasogea, pole pole, meno yamekaza. Namfungia wa pili nyuma ya yule wa kwanza. Hawasogei tena. Wanapiga kafi kwa nguvu zote, na mchanga wa chini, unaouona kupitia maji, hautembei. Wengine wanarudi nyuma. Huwa siwaambii kitu hapo, nawaacha wautazame huo mchanga. Wakitoka majini hakuna hata mmoja atakayekubali kuongoza wageni sita peke yake, mwajiri aseme atakavyosema.

Hayo ndiyo mafunzo ninayoyaombea. Bahari iliyochafuka ikichaguliwa saa yake na mahali pake ni salama kuliko shwari inayotoka nje. Hatuhitaji majengo wala semina ya hotelini yenye chupa za maji mezani.

Ninachowaomba, basi, ni kwamba yeyote anayewaongoza wageni kwa kayaki au kwa mbao za kupigia kafi umesimama awe na cheti cha bahari, mbali na kitambulisho cha kutembeza watalii, na mtihani wake ufanyike ndani ya msimu wa kusi, kwenye maji yenye upepo, mbele ya watu watatu: mtu wa usalama wa vyombo, mtu wa KMKM, kikosi chetu cha ulinzi wa baharini, na mvuvi mzee wa diko husika, yaani pwani wanaposhukia wavuvi. Huyo wa tatu msimwache nje. Yeye hana karatasi yoyote, na ndiye anayejua wapi maji yanageukia. Cheti kiishe muda, kirudiwe. Na ada yake iwe ndogo ya kulipika. Mkiipandisha, vijana wanaowafuata wageni kuwatafutia huduma, wale wanaoitwa mapapasi, watafanya kazi ile ile bila ya cheti, usiku kwa mchana, na watakaokuwa na vyeti ni wale wasioingia majini.

Kwa wenye mahoteli, mambo machache tu. Anayekodisha kayaki awe na boti yenye mashine inayowaka, ionekane inawaka asubuhi ile ile, na kama mashine iko kwa fundi basi kayaki zilale. Redio ya VHF iwepo, ikae kwenye chaneli 16, na awepo mtu anayejua kuitumia. Kiongozi mmoja asipewe zaidi ya kayaki nne, na kusi likikaza zipungue. Filimbi kwenye kila jaketi. Na kitabu cha mchangani, daftari la shilingi elfu mbili: nani katoka, saa ngapi, anarudi saa ngapi. Ikipita nusu saa bila ya kuonekana, msaada uitwe, pasingojewe jua kuzama kwa kuona haya mbele ya wageni. Ile jioni ya Julai, kwa hesabu yangu, saa mbili nzima zilipotea kwa haya.

Kuna na suala la utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa taarifa, na tunazisikia: vipindi vya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi makubwa yanayofikia mita 2. Taarifa ni sahihi. Tatizo ni kwamba kijana aliyesimama Kendwa anaisikia, anatazama mbele yake anaona beseni, anaamua kwamba redio imekosea. Ingefaa sana taarifa hizo zikiletwa kwenye madiko na kwenye mahoteli ziongezewe sentensi moja ya kwetu: leo upepo unatoka nchi kavu upande wa magharibi, asitoke mtu nje ya kinga ya kisiwa. Nahodha mzee anaitafsiri hivyo kichwani mwake bila ya kuambiwa. Kijana wa bwawani hawezi.

Na naomba msikimbilie kupiga marufuku. Tumeshazoea: likitokea jambo amri inashuka, kayaki zote juu, wiki mbili vijana wanakaa kwenye baraza, halafu kimya kimya zinarudi majini zile zile, na viraka vile vile vya dumu. Marufuku haijamfundisha mtu kurudi.

Wapo wazee wangu watakaonikemea kwa kuandika haya hadharani, na watanisomea ile methali, mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Naiheshimu kama methali. Siku hizi naisikia inasomwa matangani kama hati ya kufunga jalada, na hapo mimi na wao tunatofautiana. Mvuvi anayeondoka alfajiri kutafuta riziki amekubaliana na bahari kwa akili yake. Kijana wa miaka 20 aliyepewa fulana ya hoteli na wageni wawili hakukubaliana na mtu.

Nungwi tunayo sababu ya kuwa wakali juu ya hili. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I, ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ni fukwe zetu zilizopokea watu. Vyombo vilivyotoka gizani kwenda kuwatafuta vilikuwa vya wavuvi, na vingi vyake vidogo. Waliwakuta watu wameshikilia magodoro. Mwaka uliofuata, Julai 18, kusi limekaza, ikapinduka MV Skagit karibu na Chumbe. Meli ni meli na kayaki ni kayaki, nalijua hilo. Lakini wale waliokwenda usiku ule na kurudi na watu hai walikuwa na ujuzi ambao haukuandikwa mahali popote, na wengi wao sasa wamezeeka. Wanakaa bandani mchana wanacheza bao. Ukiwapa siku moja ya malipo ya kibarua watakufundishia vijana mwezi mzima, nina hakika, kwa sababu nimeshawaomba bila ya malipo na wamekuja.

Bamvua ijayo tuna vijana wanane, wawili kati yao wasichana, na mashua imeshapatikana. Tunakutana dikoni saa tano asubuhi, tunaingia maji yakianza kupanda. Nafasi ya watu watatu kutoka ofisini kwenu ipo kwenye mashua, na kayaki moja ya ziada kwa atakayetaka kuonja mwenyewe. Njooni na nguo za kubadilisha. Jaketi tutawapa sisi, za kwenu tutazitazama kwanza.

Wenu,
Mtembeza watalii na mwalimu wa kayaki, Nungwi